Mstari wa Tatu

Mwalimu aliyenifanya nipende hesabu chuoni hakuwa msemaji hodari. Alikuwa na kigugumizi, na shati lake lilijaa chaki mpaka mgongoni, sijui ilifikaje huko. Lakini kila baada ya mistari michache aligeuka akauliza, "Nimekosea wapi?" Asipojibiwa, aliketi akasubiri. Siku nilipomwonyesha kosa lake, alinipa chaki na kwenda kukaa kwenye kiti changu. Nilitoka darasani siku ile nikijiona mtu.

Leo mimi ndiye ninayefundisha, hapa Sumbawanga, na ni mwoga kuliko yeye.

Muhula uliopita nilithibitisha kanuni moja ubaoni. Katika mstari wa tatu niligawanya pande zote kwa kitu ambacho kingeweza kuwa sifuri, kosa ambalo hata mwanafunzi wa sekondari ningemgombeza kwa kulifanya. Nililigundua jioni, nyumbani Katandala, nikimenya viazi. Nikajiambia nitalisahihisha kipindi kijacho. Kipindi kikafika, nikaona haya, nikafungua mada mpya.

Uthibitisho uleule ukaulizwa kwenye mtihani, na aliyesahihisha alikuwa mwalimu mwenzangu, mtu asiye na masihara; aliyeandika mstari wangu wa tatu hakupata kitu. Wengi waliokolewa na maswali mengine. Binti mmoja kutoka kijiji cha Ilemba hakuokolewa. Alikuwa amekosa majaribio mawili kwa kumuuguza mama yake, na swali lile ndilo lingemwezesha kubaki kwenye hesabu. Alikuwa na akili ya hesabu kuliko darasa zima, pengine na mimi nikiwemo.

Alikuja ofisini kuaga. Alipiga goti kidogo, kama walivyomlea kwao.

"Shikamoo, mwalimu."

Niliitikia macho yakiwa mezani. Akasema ameomba kuhamia kozi ya ugavi. Nikamuuliza kama aliliona kosa langu ubaoni.

"Niliona siku ileile, mwalimu."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nyumbani mkubwa akikosea mbele za watu tunamwacha, atajirekebisha mwenyewe. Nikajua wiki ijayo utarudia."

"Na kwenye mtihani?"

"Hukurudia. Nikasema basi, aliyekosea ni mimi."

Nilikwenda kwa mkuu wa idara nikakiri yote. Alinisikiliza vizuri, akanipa pole, akasema jibu lisilo sahihi halipewi alama hata likitoka kwa mwalimu, na fomu ya uhamisho imeshasainiwa. Nilimkasirikia, nikijua fika kwamba hasira hiyo haikumstahili yeye.

Jumatatu niliingia darasani kwa wanafunzi wapya. Niliandika uthibitisho uleule, na kosa lilelile kwenye mstari wa tatu, safari hii kwa makusudi. Nikageuka.

"Nimekosea wapi?"

Nikaketi, nikasubiri. Hakuna aliyeinua kichwa. Walikuwa wananakili.