Maneno Matatu na Maziwa ya Ijumaa

Ijumaa iliyopita nilitoka kazini mjini Kisii mapema, nikamchukua binti yangu, tukapanda hadi nyumbani Gesima. Kabla sijavua viatu, akanitupia swali la kazi yake ya shule. Yuko gredi ya sita, na mwalimu wao amewaambia waeleze tofauti ya "see", "look" na "watch". Rafiki yangu, nilicheka mpaka nikashika mlango. Maneno matatu yale yale! Binti akaniona nimerukwa na akili, akaiuliza simu, ikamjibu kabla sijamaliza kucheka. Mimi jibu hilo lilinigharimu machozi ya Ijumaa mbili na sufuria nzima ya maziwa.

Nilikuwa darasa la saba. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mrefu, mkali wa macho lakini mpole wa mkono, na koti lake la kahawia hakulivua jua wala mvua. Kila Ijumaa asubuhi alituita mbele mmoja mmoja, akakupa maneno yanayofanana kama watoto wa tumbo moja, na wewe umtolee mfano wa kila neno kutoka kwenu nyumbani, si kutoka kitabuni. "Borrow" na "lend" ziliangusha nusu ya darasa, maana kwetu chumvi ilivuka ua asubuhi ikarudi jioni, na hakuna aliyeuliza nani kamwazima nani. Ukishindwa Ijumaa tatu, unarudishwa darasa la sita. Wala hakuwa akitania, muhula uliotangulia alikuwa amewarudisha wawili.

Mimi nilikuwa nimeshindwa mara mbili, kwa maneno hayo hayo matatu. Kichwani mwangu yote yalikuwa kuona tu, basi. Na darasa la sita ndimo alimokuwa mdogo wangu, yule mwenye mdomo. Haki, nikae naye dawati moja? Heri ningeacha shule nikachune chai.

Nilirudi nyumbani Ijumaa hiyo ya pili macho yamenivimba, nikamkuta nyanya katikati ya shughuli. Nyanya ndiye aliyetulea, na sisi tulikuwa Wasabato, kwa hiyo Ijumaa ilikuwa siku ya maandalio. Jua likizama, Sabato imeingia, na moto hauwashwi tena. Kila kitu kilifanywa mbio mbio: kuni, maji, viatu kupakwa rangi, gauni kupigwa pasi ya makaa, mboga ya saga kuchemshwa mpaka uchungu wake ukatoka. Na jambo moja utalicheka. Siku nyingine zote tulichuna chai mpaka vidole vikawa vyeusi, lakini nyanya mwenyewe chai hakuionja maisha yake yote. Kanisa lake halikuitaka. Chupa yake ya Sabato ilijaa maziwa ya moto matupu, na hayo ndiyo yaliyokuwa raha yake ya wiki nzima.

"Keti hapa utazame maziwa," akaniambia. "Usiyape kisogo."

Nikaketi. Lakini moyo wangu ulikuwa shuleni. Nikatoa daftari, nikaliweka magotini, nikaanza kuandika: naona maziwa, naangalia maziwa, natazama maziwa, kwa Kiingereza kilichopinda pinda. Mara nikasikia shaa! Maziwa yamepanda, yamemwagika, yamezima nusu ya moto, na harufu ya maziwa na jivu imejaa jikoni. Nyanya akaingia mbio na mwiko mkononi. Sufuria ilikuwa imebaki na vijiko viwili hivi. Maji yakimwagika hayazoleki, sembuse maziwa, na ng'ombe alikuwa ameshakamwa.

"Nilikuwa nayaona!" nikajitetea huku nikilia.

"Kuyaona umeyaona," akasema nyanya. "Hata paka ameyaona. Mimi nilikuambia uyatazame."

Hapo nikamwaga yote. Maneno matatu, Ijumaa mbili, darasa la sita, mdogo wangu na mdomo wake. Nyanya hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Alinisikiliza huku akisukuma makaa pembeni, akichungulia mlangoni kuona jua limebakiza nini juu ya kilima. Halafu akasema, "Kumbe ni hilo tu? Basi wiki hii kazi yako ni moja. Nitazame mimi. Usinione tu, nitazame. Ijumaa ukamwambie huyo mwalimu ulichokipata."

Jua lilipozama tulifungua Sabato kwa wimbo, chupa ikiwa tupu mezani. Hatujamaliza amina, jirani yetu Mkatoliki akabisha hodi na birika linalofuka moshi. Harufu ya maziwa yaliyoungua ilikuwa imemfikia upande wa pili wa ua. "Sabato ni yenu," akasema akicheka, "ng'ombe na moto ni wangu. Kunyweni." Nyanya alicheka mpaka akafuta macho kwa leso, na mimi nikapumua kidogo.

Basi nikamtazama. Nilimtazama akichuna chai, mikono miwili ikienda kwa pamoja na macho yakiwa mbele kwenye kichaka kinachofuata. Nilimtazama akimwaga majani juu ya gunia kwenye kituo cha kupimia chai, akitoa jani gumu moja moja kabla karani hajafika, kisha akilificha mfukoni ili majirani wasijue amechuna vibaya. Nilimtazama akimenya ndizi, akiguna kila anapoinama, akimsema kuku kama mtu mzima mwenzake. Alipochoka nami akanifukuza: "Weh, hata chooni utanitazama?"

Ijumaa ya tatu ikafika. Mwalimu akakunja mikono na kuniambia, "Haya." Nikamwambia kwamba paka wetu, "see", aliona maziwa, kwa sababu macho hayana pazia na yeye alikuwa amepita tu. Nyanya, "look", aliangalia jua mlangoni, mara moja, ajue limefika wapi. Na mimi wiki nzima, "watch", nilimtazama nyanya akifanya kazi, mwanzo hadi mwisho, nisikose kitu. Kisha nikaeleza lile jani la mfukoni, na darasa zima likacheka.

Mwalimu hakucheka. Aliangalia dirishani kidogo, akaniuliza, "Na maziwa?"

"Yalimwagika, mwalimu. Yalikosa mtu wa kuyatazama."

"Kaa chini," akasema. "Darasa la saba."

Jamani, raha niliyoisikia! Nilikimbia njia yote hadi nyumbani, viatu mkononi. Nyanya hakunipa hata nafasi ya kumaliza hadithi. "Vizuri," akasema. "Leo ni maandalio. Kaa kwenye maziwa."

Lile jiko la moshi lilibomolewa zamani. Ng'ombe hatuna tena, na nyanya amelala kando ya migomba yake. Niliishi naye miaka kumi na minne, na nikikuambia ukweli, mingi ya miaka hiyo imenitoka. Nilikuwa namwona tu, kama paka. Lakini wiki ile moja ninayo yote, mguno kwa mguno, mpaka lile jani gumu likiingia mfukoni. Namshukuru mwalimu mpaka leo kwa kunitisha.

Jioni ile ya Ijumaa nilimweka binti yangu mbele ya jiko la gesi, nikamnyang'anya simu, nikamwambia atazame maziwa. Nikavuta kigoda nikaketi karibu naye. Akasimama pale, midomo mbele, mguu mmoja juu ya mwingine, akijikuna shingo kwa mwiko.

"Mama," akasema bila kugeuka, "mbona unanitazama mimi? Maziwa ni haya hapa."