Jiwe Lililochelewa

King'ora cha mgodi kililia alfajiri, mchana na jioni, na kila kilipolia mbwa wa Geita walibweka kana kwamba wamekanyagwa. Miaka ile ya hamsini hatukuwa na saa nyingine. Wachimbaji walishuka shimoni kwa king'ora, mama zetu walisonga ugali kwa king'ora, na hata wafugaji wa ng'ambo ya kilima, ambao kampuni haikuwajua, walijikuta wakifungulia ng'ombe kwa king'ora. Siku mtambo ulipoharibika watu wazima walisimama milangoni wakilitazama jua kwa mashaka, kama mgeni waliyemsahau jina. Naanza na sauti hiyo kwa sababu Mwalimu Petro naye alianza nayo siku alipotufundisha jinsi muda unavyopimwa.

Alikuwa kijana nadhifu, suruali fupi iliyopigwa pasi, chaki sikioni. Alisema king'ora kinaisikiliza saa ya ofisini, na saa hiyo inakisikiliza kipande cha chuma kinachobembea ndani yake. Akafunga jiwe kwenye kamba, akalining'iniza na kutupa kanuni: ulivute kidogo au ulivute sana, jiwe litakwenda na kurudi kwa muda uleule. Kanuni hiyo ilithibitishwa Ulaya, alisema, na haina ubishi. Sote tukainakili isipokuwa Kabula, jirani yangu wa dawati, binti wa mchimbaji. Yeye alinyoosha mkono. Alieleza kwamba kwao kuna bembea ya kamba ya ng'ombe, na kaka zake wakimsukuma kwa nguvu hukawia zaidi kurudi. Wavulana wakacheka, mmoja akasema arudishwe bembeani. Mwalimu naye alicheka, na mambo yangeishia hapo kama Kabula angekuwa mtu wa kuacha jambo nusu.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, alifunga mawe mawili kwa kamba za urefu mmoja kwenye boriti ya baraza. Moja alilivuta kidogo, la pili akalivuta mpaka karibu na bega lake, akayaachia pamoja. Mwanzoni yalikwenda sawa. Kisha lile la mbali likaanza kubaki nyuma, kidogo kidogo, kama mtoto anayeburuta miguu njiani, mpaka moja likawa linakwenda na jingine linarudi. Mwalimu Petro alifika akasema kamba hazilingani. Kabula akazipima mbele yake, akabadilisha mawe, likachelewa lililovutwa sana. Mwalimu akasema ni upepo. Kabula akaomba, kwa adabu, ajaribu darasani madirisha yakiwa yamefungwa, na Mwalimu akakubali kwa kuwa hakuwa na shaka. Tulibanana humo kwenye joto na harufu ya jasho na vumbi la chaki. Jiwe likachelewa tena. Kutoka nyuma sauti ikasema taratibu, "Limechelewa."

Mwalimu alizikata kamba kwa wembe wa kuchongea penseli. Akaamuru Kabula apige magoti mbele ya shule nzima na kusema amedanganya, la sivyo aende nyumbani asirudi. Baba yake aliitwa kutoka kazini, akaja na tope la shimoni likiwa bado kwenye magoti, akamvulia kofia kijana ambaye angeweza kuwa mwanawe.

"Sema tu, mwanangu," alimwambia binti yake. "Jiwe halitakudai."

"Baba, wewe umeliona?"

"Sijaliona."

"Basi nikuonyeshe."

Mwalimu akakataza. Nilimwona yule mzee akiitazama boriti, kisha kofia yake, kisha akamshika Kabula mkono wakaondoka. Kiangazi hichohicho ng'ombe wa mahari walifika, na Kabula akapelekwa kwa mume huko Nkome, ziwani.

Leo simu iliyo mfukoni mwangu inajua saa bila kumwuliza mtu, na mjukuu wangu anasoma kidato cha tatu hapa Shinyanga. Jioni moja alikuwa akisoma kwa sauti: kanuni ni kweli iwapo mbembeo ni mdogo; ukiwa mkubwa, muda huongezeka. Nilimwambia arudie. Alirudia bila kujali, kama mtu anayesoma bei ya sabuni. Watu hupenda kusema kwamba sisi wa zamani tulikosa elimu. Uongo. Elimu ilining'inia kwenye boriti mbele ya macho yetu, ikakatwa kwa wembe, na aliyeileta akafukuzwa kwa sababu haikuja na stempu ya Ulaya.

Nilipanda basi hadi Nkome. Nilimkuta Kabula amechutama mchangani akigeuza dagaa juani, na nikamsomea maneno ya kitabu, niliyokuwa nimeshayashika kwa moyo. Hakuacha kazi.

"Na Mwalimu aliambiwa?"

Nikamwambia Mwalimu Petro alishafariki, siku nyingi.

"Basi amekufa akiniita mwongo," alisema, akasogea kwenye fungu jingine.