Barabara Ilitufuata

Mama alinipigia simu nikiwa kazini Iringa, akasema nyumba yetu ya Ilomba imechorwa X nyekundu. Kila aliyejenga kando ya barabara anazijua rangi hizo. Kijani maana yake barabara imekufuata, utalipwa fidia. Nyekundu maana yake wewe ndiye uliyeifuata, uondoke bila kitu.

Marehemu baba aliijenga nyumba ile barabara ikiwa bado ya vumbi. Nilipofika, mama alikuwa ameshakataa kusaini karatasi za wapimaji. Alisema wamepima kuanzia katikati ya lami, wakati mkandarasi aliyeweka lami aliisogeza barabara upande wetu. Nilimwambia kushindana na serikali ni kujichosha. Akanijibu kwamba hashindani na mtu, anataka wapime upya.

Walipokataa, tuliipa serikali notisi ya siku tisini kwamba tutaishtaki, ndipo tukafungua kesi. Iliahirishwa mara nyingi hadi nikaona aibu kuomba ruhusa kazini, mama akawa anakwenda mwenyewe na blauzi yake ya kanisani. Hatimaye jaji akakubali kuja kuona eneo.

Siku hiyo mama alichukua jembe, akavuka barabara, akaanza kuparua magugu ng'ambo ya pili. Wakili wa serikali akauliza anafanya nini. Punde jembe likagonga mawe, na alipozidi kuparua likaonekana kalavati lililopitisha maji chini ya barabara ya zamani, zima, nje kabisa ya lami.

"Mheshimiwa," akamwambia jaji, "barabara tuliyoikuta ilipita hapa."

Wapimaji wakavuta tepu kutoka katikati ya kalavati lile. Hukumu ikasema nyumba yetu haikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, na X ikapakwa kijani juu ya nyekundu.

Nyumba yenyewe haikupona. Barabara ilikuwa lazima ipanuliwe, tukapewa mwezi mmoja wa kuhama. Nilikasirika kuliko mama, nikamuuliza sasa tumeshinda nini.

"Baba yako hakuvamia," alisema. "Sasa imeandikwa."

Milango na mabati tuling'oa wenyewe. Fidia ilipotoka alijenga vyumba viwili juu mlimani. Mvua ikinyesha gari halifiki kule. Mizigo tunaibeba kichwani, yeye akitangulia.