Picha Yangu Mnadani

Njombe mjini najulikana kwa vibao. Ukiona saluni imechorwa kichwa cha mwanamke mwenye nywele zinazong'aa kupita kiasi, au mgahawa wenye samaki mzima juu ya sahani, huenda ni mkono wangu huo. Kazi hiyo sina ugomvi nayo. Samaki ni samaki, mteja anamwona, anaingia, na mimi napata riziki yangu. Ugomvi ulianza siku nilipochora kitu ambacho si samaki.

Nilikichora kwenye kipande cha plaiwudi alichonipa fundi kabati, kwa rangi za masalio. Chini nyeusi inayoingia kwenye kahawia, katikati kijivu kipana, na juu upande wa kulia doa la njano. Doa hilo lilinitesa. Mwanzoni nililiweka katikati, likawa linapiga kelele. Nikalifuta nikalipeleka kushoto, likalala doro. Nilipolifikisha pale lilipo sasa, niliketi juu ya ndoo nikalitazama mpaka maharage yakaungua jikoni. Sikuwa nimechora ukungu, wala jua, wala mlima. Nilikuwa nimechora rangi, zikakaa vizuri, basi.

Sikukuu ya mavuno ilikuwa inakaribia. Siku hiyo sisi Walutheri wa huku kila mtu huleta kanisani alichovuna, na baada ya ibada vitu vyote hunadiwa pale nje, kanisa likapata chochote. Mimi sina shamba. Mavuno yangu ni ya brashi, na nilitaka kwa mara moja yapangwe mstari mmoja na magunia ya viazi. Zaidi ya yote nilitaka baba ayaone. Baba yangu ni mkulima na mzee wa kanisa, na ndiye anayenadi kila mwaka kwa sababu ana sauti na hana haya. Vibao vyangu huviita "vile vya barabarani", na sijawahi kumwona akisimama mbele ya kimojawapo.

Asubuhi ya sikukuu aliikuta plaiwudi imefungwa kwenye kitenge. Hakuifungua.

"Umechora nini humu?"

"Rangi, baba."

"Rangi za nini? Maana yake nini?"

"Haina maana. Ni ya kutazama."

"Mwanangu, usimpelekee Mungu kitu kisicho na maana."

Damu ikanichemka. Nikamuuliza matuta yake ya viazi, anayoyanyoosha kisha anarudi nyuma na kushika kiuno kuyatazama, yana maana gani. Akasema yanatoa viazi. Nikamuuliza, yakipinda kidogo viazi havitoki? Akavaa koti, akasema tunachelewa ibada. Hata mama, ambaye sokoni hupindua vitenge vya duka zima kisha akasema "hiki ndicho" bila mtu kumdai sababu, alininong'oneza kwamba ningeweka hata msalaba mdogo pale pembeni.

Mnada ulianza vizuri. Jogoo akapata mtu, maparachichi yakapata mtu, gunia la viazi likagombaniwa na kwaya mbili. Hakuna aliyeuliza jogoo ana maana gani. Kisha baba akainua picha yangu mpaka usawa wa kifua, akaielekeza kwa watu. Kwa hiyo usharika mzima uliiona isipokuwa yeye.

Mtu mmoja nyuma akauliza, "Mzee, huo ni mlango wa kabati?" Watu wakacheka. Baba akasema nani anaanza, hakuna aliyeanza. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Hawakuwahi kusimama mnadani na picha yangu. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimwona baba anatokwa jasho katika baridi ya Njombe, nikaanza kupenya kati ya watu ili nikamnyang'anye ubao wangu nirudi nao nyumbani.

Ndipo akachungulia rangi kwa juu ya ukingo wa ubao, akapaza sauti. "Wapendwa, mnacheka kwa sababu hamjui! Hii ni safari ya mwanadamu. Huku chini giza, ndiyo dhambi. Hapa katikati ukungu, ndiyo majaribu. Na hili la njano, hili ndilo wokovu!"

Vigelegele vikapasua uwanja. Wokovu! Njano ile ilikuwa masalio ya kibao cha duka la simu. Lakini nani angenisikiliza? Dau likapanda, na wala macho ya watu hayakuwa tena kwenye picha, yalikuwa kwenye mdomo wa baba. Mgeni mmoja, mfanyabiashara wa mbao kutoka Makambako, akaipata. Watu wakaja kunipa mkono na kuisifu imani yangu. Mama mmoja alinishika mabega, machozi yanamlengalenga, akasema kwenye kile kijivu ameyaona majaribu yake mwenyewe. Ningemwambia nini? Nilimwambia asante, mama, huku nimekaza meno.

"Leo nimekuokoa," baba akaniambia njiani. Alisema kwa upendo kabisa, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Miezi kadhaa baadaye tulikwenda Makambako pamoja, yeye kutafuta kipuri cha mashine yake ya kusaga, mimi kununua rangi. Upepo wa Makambako hauna adabu. Mchana tukakimbilia kwenye mgahawa wa yule yule mfanyabiashara wa mbao, karibu na yanapoegeshwa malori. Akamsalimu baba, "Kamwene, mzee!" na kutuelekeza mezani. Picha yangu ilikuwa ukutani, kando ya pale watu wanaponawa mikono. Chini yake amebandika karatasi iliyotiwa plastiki, yenye herufi kubwa: SAFARI YA MWANADAMU. Dhambi, majaribu, wokovu, vyote vipo, neno kwa neno.

Nilimfuata mwenye mgahawa kaunta, nikamwomba kwa upole aibandue karatasi ile. Nikamweleza kwamba mchoraji ni mimi na kwamba maneno yale si yangu.

"Dada," akasema, "mbao ninazo, nimejaza yadi nzima. Mimi nilinunua yale maneno ya mzee."

Nikageuka kwa hasira, na ndipo nilipomwona baba. Alikuwa amekwenda kunawa. Sasa alikuwa amesimama mbele ya picha, mikono inachuruzika maji, hajatafuta hata kitambaa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona kwa mbele. Aliinamisha kichwa upande mmoja. Macho yake yalianzia chini kwenye nyeusi, yakapanda polepole kwenye kijivu, yakafika kwenye njano, yakakaa hapo. Uso wake ukalegea. Mtu alimwomba njia ili anawe, hakusikia. Mimi sikuthubutu hata kusogeza mguu.

Kisha macho yakateremka kwenye karatasi. Nikaona midomo yake inasoma.

"Ahaa," akasema, kama mtu aliyemaliza kazi. Akajifuta mikono kwenye koti, akaja kuketi.

Nikamfuata mezani. "Baba, kabla hujaisoma ile karatasi, uliona nini?"

Alilifikiria swali langu kwa dhati, hilo siwezi kumnyima.

"Sikuona kitu," akasema. "Nilikuwa naangalia tu."

Nikamwambia kwamba hicho ndicho nilichokuwa nakitaka kwake, hicho tu, wala si kingine. Akanitazama kwa huruma, kama mzazi anavyomtazama mtoto mwenye homa, akaniuliza kama nitakula wali au ugali.