Kamera Iliyotaka Baridi

Siku ya kwanza kazini sikupewa hata kiti. Ilikuwa 1978, nimemaliza kidato cha nne, na Mwalimu Kabyemera, Mkuu wa Maabara wa shule ya kanisa pale Ihanda, Karagwe, alinipokea mlangoni na kitambaa laini mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Adela. Umekula nini asubuhi?"

"Ndizi na maharage."

"Basi kanawe. Lenzi haitaki kujua ulichokula."

Hivyo ndivyo nilivyoanza ufundi wa maabara, na hivyo ndivyo alivyokuwa bosi wangu: mkali, tena hachoki. Shule ilikuwa na darubini kubwa iliyoletwa na wafadhili, nasi tulipiga nayo picha za nyota kwa filamu. Filamu ni mvivu. Ukiiacha wazi muda mrefu ipokee mwanga hafifu, inachoka na kuacha kupokea. Kulikuwa na galaksi moja upande wa kusini ambayo Mwalimu aliitafuta miaka yote, na kila mara ilitoka kama doa la chai.

Kisha akapata presha ya macho. Daktari hakumficha: macho yangeanza kufa pembeni, giza likaribie katikati taratibu. Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu, kuiona galaksi ile katika picha kabla hajawa kipofu. Alinitamkia hivyo hivyo, bila kupamba.

Miaka ya tisini ilipoingia, wafadhili walikubali kutupa kamera ya kupoozwa. Vijana wa leo mna simu zinazopiga kila kitu, kwa hiyo nieleze. Kamera ile haikuwa na filamu, ilikuwa na chipu ya kupokea mwanga. Chipu ikiwa na joto hujitungia nukta zake za uongo, na picha ya muda mrefu huchafuka kama shati lililorukiwa na matope. Ukiipooza, uongo unapungua. Uongo unaobaki unaupunguza kwa picha za giza: unafunika kamera, unapiga kwa muda uleule na ubaridi uleule, halafu kompyuta inaondoa nukta za picha ya giza kwenye picha ya nyota.

Tulipewa kuchagua. Kulikuwa na kamera yenye chipu kubwa iliyopoozwa kwa maji yanayozunguka, na nyingine yenye chipu ndogo na feni.

"Maji tunayafuata bondeni kwa baiskeli," Mwalimu alisema. "Tuyanywe sisi au tuinyweshe mashine?"

Tukachukua ya feni. Hata leo ningechagua ile ile. Ukubwa wa chipu haukufai kitu kama huwezi kuilisha.

Adui yetu alikuwa unyevu. Ukungu wa Karagwe mnaujua, na kitu cha baridi huuvuta ukageuka barafu juu ya chipu. Ndiyo maana ndani ya kamera kulikuwa na kikopo cha punje za kunyonya unyevu. Zikiwa kavu ni za bluu, zikishiba maji zinakuwa za waridi, na hapo unazikausha kwenye kikaango juu ya mkaa uliokwisha kuwaka vizuri, usio na moshi.

Nilikuwa msibani kwetu Nyabiyonza punje zilipogeuka waridi. Mvua ilikuwa imelowesha mkaa wote. Mlinzi wetu, Mzee Petro, ambaye wazazi wake walitoka Rwanda, alimwona Mwalimu anahangaika, akamwambia amwachie yeye. Akazipeleka nyumbani kwake, akazitandaza kwenye uchaga juu ya meko ya kuni, pale kila familia inapohifadhi mbegu za maharage ili zisioze. Alizirudisha kavu kabisa. Zilikuwa zimepata ukahawia wa masizi, lakini macho ya Mwalimu hayakuuona, na harufu ya moshi kwetu nani anaishtukia? Mwalimu alizitia ndani ya kamera kwa mkono wake.

Kamera ilipopoa, mafuta ya moshi yaliganda juu ya chipu. Nilirudi nikakuta picha zote zina utando. Ilibidi isafirishwe kwa watengenezaji, ng'ambo.

"Umenimalizia macho, Petro," Mwalimu alimwambia mbele yangu.

Baada ya hapo hakumwitikia tena shikamoo. Kila asubuhi Petro alisalimu pale getini, na kila asubuhi Mwalimu alipita kimya. Niliwaonea huruma wote wawili, na sikuweza kumsaidia yeyote.

Kamera iliporudi, Mwalimu alikuwa anashikwa mkono kwenda chooni. Niliipiga picha galaksi ile peke yangu, mvua zilipopumzika na anga kutakata. Kisha nikapiga kioo cha kompyuta kwa filamu ya kawaida, ikasafishwa Bukoba. Picha iliyotoka nilimpelekea Mwalimu nyumbani. Aliipapasa, akauliza, "Petro yupo?"

Nikamwita. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Petro. Adela atanieleza kitaalamu, sitaki. Wewe niambie unaona nini."

Petro aliigeuzia kwenye mwanga wa mlango. "Samahani, Mwalimu. Naona moshi. Moshi mweupe, kama wa jikoni asubuhi, umelala juu ya migomba, hauendi popote."

Mwalimu alilia. "Ndiyo yenyewe," akasema. "Nimeiona. Kaa nayo wewe."

Hakuumaliza mwaka ule.

Mimi nilimalizia utumishi Bugomora, siku hizi ni wilaya ya Kyerwa, kwenye shule isiyo na darubini. Nilipostaafu nikamtembelea mjane wa Petro, aliyehamia hukohuko kwa mwanawe. Nikamuuliza kuhusu picha.

"Ipo, dada. Petro alisema ni kitu cha thamani, nikaiweka pazuri isije ikaoza."

Akanyoosha mkono juu ya meko, akaishusha kutoka kwenye uchaga, katikati ya mbegu za maharage. Ilikuwa nyeusi yote. Niliipangusa kwa ncha ya kitenge, hakikutokea kitu. Nikamshukuru kwa kuitunza, nikamrudishia, naye akaiweka palepale.