Hirizi Penye Pumzi ya Gari

Baba aliponunua lile gari, pikapu kuukuu la rangi ya maziwa yaliyochacha, hakulipeleka kwa fundi kwanza. Alikwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Mtaani kwetu Bagamoyo hapakuwa na gari jingine, na baba aliogopa husuda kuliko ajali. Alirudi na hirizi iliyoshonwa kwa ngozi. Mwalimu alikuwa amemwagiza aifunge pale gari linapovutia pumzi, basi akafungua boneti, akaifunga kwa uzi mweusi mdomoni mwa kabureta.

Dereva alikuwa mjomba wangu, mdogo wake mama. Alipeleka Dar nazi na samaki wa Mlingotini. Mwaka ule alikuwa ameposa Kaole na amekubaliwa, na kila aliponikuta na daftari alinitania, "Bibie wa vitabu, utaniandikia kadi za harusi." Mimi nilicheka tu. Maneno hunitoka kwenye karatasi, si mdomoni.

Kisha gari likaanza kula mafuta. Petroli yenyewe siku hizo ilikuwa ya kutafuta. Baba akawa anapima tangi kwa kijiti kila gari linapotoka na linaporudi. Walitandika gunia chini yake usiku kucha. Asubuhi gunia kavu. Wakajaza matairi upepo. Wakainua magurudumu wakayazungusha kwa mkono, labda breki zinang'ang'ania, yakazunguka vizuri. Mwishowe akaitwa fundi. Alichomoa plagi, zote nyeusi kama sufuria za kuni, akasema injini inapata petroli nyingi na hewa kidogo. Akainama kutazama kabureta, akaiona hirizi, akaurudisha mkono.

"Hapo sipagusi, mzee. Nina watoto."

Akaweka plagi mpya, akaenda zake. Baada ya safari chache nazo zikawa masizi.

Mjomba ndiye aliyelitaja tatizo lenyewe. Yeye na baba walikuwa wanakula ukumbini, mimi na mama tuko uani, mlango wazi.

"Shemeji, choki hairudi," alisema. "Kile kibati cha kuziba hewa injini ikiwa baridi. Uzi wa hirizi umekibana. Tuihamishie hata kwenye usukani."

"Inakusumbua nini wewe?"

"Mimi hainisumbui. Inalisumbua gari."

"Kinga ya mali yangu ikitoka," baba alisema, "anayefaidi nani?"

Mama alibaki na tonge mkononi. Sote tulielewa: mjomba anashukiwa kunyonya petroli kwa mpira na kuiuza njiani.

Ijumaa hiyo, baada ya swala ya alasiri, baba aliita watu isomwe Halbadiri, kisomo cha maapizo, ili imfike yeyote aliyesababisha mafuta yake kupotea. Mjomba alikaa mbele kabisa na kuitikia amini kwa sauti kuliko wote. Nyuma ya pazia jirani mmoja alinong'ona, "Anaitikia hivyo ili asishukiwe."

"Na angenyamaza?" mama aliuliza.

Jirani akajifunika ushungi vizuri.

Haukupita muda mjomba akashikwa na homa. Ilikuwa homa ileile inayompata kila masika, na klorokwini ikamwinua. Lakini mtaa ulikuwa umeshamaliza kesi. Akaja mzee wa Kaole, baba wa binti, kurudisha posa. Alisema binti bado mdogo. Mjomba hakubisha. Alifungasha nguo zake akaenda Saadani, kwa jamaa wanaokausha samaki. Mlangoni aliniambia, "Bibie, kadi basi tena."

Baba akashika usukani mwenyewe. Kijiti kikaonyesha yaleyale, tangi karibu tupu. Mchana mmoja nilimpelekea maji nikamkuta ameinamia injini na wembe mkononi. Alisema bismillahi, akakata uzi. Kibati kikafunguka chenyewe, tak. Baba akakaa chini, pale pale kwenye mchanga, na kanzu yake nyeupe. Maji hakuyanywa. Tangu siku hiyo gari likatulia.

Alikwenda Kaole na mama, akamweleza yule mzee kila kitu.

"Tumekusikia," mzee alijibu. "Lakini uliyesomesha ni wewe, na kijana akaugua."

"Hakuiba."

"Basi aliugua nini?"

Mama anasema baba angeweza kujibu kwamba ni homa ya mbu. Hakujibu, kwa sababu siku ile mjomba anatetemeka chini ya blanketi, yeye mwenyewe alituambia, "Mmeona?"

Walirudi nyumbani. Akivua kilemba, baba alimuuliza mama kama kisomo kile kinaweza kurudishwa.

"Sijui," mama alisema. "Kwani uliomba kimfike nani?"

"Yeyote aliyesababisha mafuta..." baba alianza, akaketi na kilemba mkononi.

Mjomba hajarudi, salamu tulizotuma na wachuuzi hazijajibiwa. Gari linakwenda Dar na kurudi, mafuta yanabaki. Siku hizi baba akiamka hujigusa kwanza paji la uso, kisha shingo, kutazama kama ana homa. Leo amekohoa wakati wa chai. Mama ameweka kikombe mezani na kuendelea kumenya mihogo.