Mume Wangu Ananipita Kituoni na Motokaa Tupu

Bwana Mhariri, jina langu lifiche, na kabila langu pia, maana mji huu tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, mwalimu wa darasa la pili katika shule moja ya Ilala. Ninakaa Chang'ombe na mume wangu na mtoto wetu wa kike wa miaka mitatu, ambaye hapa nitamwita Anna. Sote wawili tumetoka bara. Mume wangu ni dreva wa Mzungu mmoja mkubwa. Motokaa inalala kwetu, na kila asubuhi anaipeleka Oysterbay kumchukua bwana wake.

Mie kila asubuhi nasimama kituoni nangoja basi. Wanaokaa upande wetu watanielewa. Leo linakuja saa kumi na mbili, kesho saa moja, keshokutwa haliji kabisa. Na likija limejaa mpaka kondakta ananing'inia mlangoni, linapita hata halipunguzi mwendo. Nimekwishakwenda Ilala kwa miguu, nikaingia darasani na matope mpaka magotini, watoto wakawa wanaitazama miguu yangu badala ya ubao. Mwalimu mkuu ameniita ofisini mara mbili. "Mwalimu, wenzako wanawezaje kuwahi?" Wenzangu wanakaa pale pale Ilala. Nikamwambia samahani, nikatoka.

Sasa nikiwa nimesimama pale, motokaa ya mume wangu inapita. Yumo peke yake. Hageuzi shingo. Amri ya bwana wake ni kwamba asipande mtu mwingine, awe mke, awe nani, na kila Jumatatu bwana huyo anasoma mwenyewe maili ilizokwenda motokaa na kuziandika. Dreva aliyekuwapo kabla alionekana amempakia ndugu yake, hakumaliza wiki. Na nyumba tunayokaa imekuja na kazi hiyo. Akifukuzwa yeye, tunatoka sote. Kwa hiyo nilinyamaza. Nilikuwa naangalia upande mwingine akipita, ili asione haya.

Jumapili moja baada ya kanisa Anna alishikwa na homa. Ilipofika saa tisa mchana ikawa degedege. Macho yaligeuka juu, mwili ukakakamaa mikononi mwangu. Motokaa ilikuwa uani, mume wangu ndiyo kwanza amemaliza kuiosha.

"Baba Anna, washa motokaa!"

Akasimama, ufunguo mkononi. "Maili, Mama Anna. Kesho atasoma maili."

"Mtoto anakufa!"

"Basi linakuja sasa hivi. Mlete, twende."

Akamnyakua mtoto akakimbia naye, mie nyuma yake bila viatu. Siwezi kusema hampendi mwanawe. Alikimbia mpaka shati likamganda mgongoni. Kituoni tukangoja. Nikamwomba arudi akachukue motokaa, akasema, "Litakuja, litakuja tu," akawa anaitazama barabara kama mtu anayesali. Halikuja. Aliyekuja ni mzee Salim, Mwarabu mwenye duka karibu na kwetu, na lori lake la mkaa. Alisimama bila kupungiwa mkono. "Pandeni wanangu, pandeni upesi!" Njiani akamwuliza mume wangu, "Kwani ile motokaa yako ni mbovu?" Mume wangu akainama. Mimi ndiye niliyejibu, "Ndiyo, mzee, ni mbovu." Hata leo sijui kwa nini nilimfunika.

Anna alipona, namshukuru Mungu, lakini sikio lake moja halisikii tena. Daktari hakusema kwamba ni kwa sababu tulichelewa. Nilitaka kumwuliza nikaogopa jibu, na mume wangu naye hakuuliza.

Tukaendelea kuishi. Mwezi uliopita, tunakula chakula cha jioni, mume wangu akasema, "Leo nimechoka. Mbwa wa memsabu anaumwa, nimempeleka kwa daktari wa wanyama nikamrudisha, halafu nikampeleka tena. Kiti chote cha nyuma amekitapikia." Alisema huku akicheka kidogo. Kisha akaniona uso wangu, akaacha kula. "Niliamriwa, Mama Anna," akasema. Ni kweli, aliamriwa. Ndiyo sababu nashindwa hata kumgombeza. Nilikwenda jikoni nikalia na kitambaa mdomoni, mtoto asisikie.

Tangu siku hiyo nampikia, namfulia, namwitikia akiniita, lakini moyo wangu umehama. Na sasa nina mimba ya miezi saba. Siku zangu zitaangukia kwenye masika, wakati mabasi yanakwama hata yale machache yanayokuja. Mama yangu ameniletea barua kutoka bara: panda treni uje ujifungulie kwangu. Lakini nikiondoka kabla shule hazijafungwa, kazi yangu atapewa mwingine, na mimi nitakuwa mtu wa kungoja mume tu. Mume wangu amepiga magoti, ameapa kwa mama yake: "Safari hii nitawasha motokaa, na anifukuze akitaka." Nikamwambia, kama ni hivyo nenda ukamwombe ruhusa bwana wako sasa, mchana kweupe, kabla siku hazijafika. Akasema anangoja siku atakapomkuta ana moyo mzuri. Wiki ya tatu hii.

Si mlevi, hanipigi, hana mwanamke mwingine. Jirani zangu wanasema nimebahatika, na nikijaribu kueleza wananiona sina shukrani. Wazazi wake nikiwaambia, watasema analinda riziki yetu, nao hawatakuwa wamesema uongo.

Mama zangu na dada zangu mnaousoma ukurasa huu, nipeni neno. Barua ya mama inataka jibu kabla ya Ijumaa. Nimwamini nikae, au nipande treni niiache kazi yangu? Nanyi mlioolewa na mume mwema mwenye woga, mwenzenu nawauliza: mliishi naye vipi?